Tundu Chini ya Jicho la Kushoto

Nilizaliwa na tundu moja zaidi ya watu wengine. Lilikuwa kati ya pua na jicho la kushoto, chini kidogo ya pembe ya jicho, dogo kiasi kwamba ukilitazama haraka ungedhani ni alama ya sindano. Machozi ambayo kwa wenzangu huteremkia puani kimyakimya bila mwenyewe kujua, kwangu yalitokea hapo na kushuka shavuni hadharani. Sikuwa nikilia. Naiandika sentensi hiyo mapema kwa sababu nimeitamka tangu nilipojua kusema, na kwa miaka mingi sikupata mtu mzima aliyeisadiki mara ya kwanza.

Haya nayaandika kwa ajili ya yeyote mwenye tundu kama langu, au mwenye mtoto aliye nalo, ambaye sasa hivi amezungukwa na washauri. Tundu lenyewe ni jambo dogo. Linawasha, linaganda asubuhi, mara nyingine linatoa uchafu wa manjano, na shavu linachubuka kwa kupanguswa. Unaweza kuishi nalo. Washauri ndio wanaokumaliza, na nitawasema hapa bila kuwaonea haya kwa sababu wao hawakunionea mimi.

Kwetu ni Kedowa. Mshauri wangu wa kwanza alikuwa jirani aliyemwambia mama kwamba alipokuwa na mimba yangu lazima alimcheka mtu aliyefiwa. Mama alikumbuka mazishi yote ya mwaka huo na hakupata alipocheka, lakini jirani alishikilia. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akinishika kichwa Jumapili akikemea roho ya huzuni, na kwa vile mkono wake ulikuwa mzito na alinifinya, jicho lilizidi kutiririka, naye akatangaza kuwa roho inatoka. Shuleni mwalimu wa hesabu aliliona shavu langu limelowa kabla fimbo haijashuka, akaniongezea kwa ajili ya uoga. Na mimi nilikuwa mtoto mchangamfu, mwenye kucheka ovyo. Nikicheka jicho linalowa, na watu wanaambiana kwamba mtoto huyu anajikaza tu, moyoni ana jambo.

Mama peke yake hakuwa na maelezo. Alichukua shati la baba lililochakaa, akalikata vipande vya mraba, akapinda kingo kwa sindano ya mkono, akanipa kimoja na kuweka vingine kabatini. Tangu siku hiyo sikutoka nyumbani bila hanchifu mfukoni, isipokuwa mara moja. Mara hiyo moja ndiyo iliyonipeleka kwenye kisu.

Miaka ya tisini ilinikuta upande wa Kericho, nikiwa karani katika kituo cha kununulia majani chai. Kazi ilikuwa kupekua majani ya wakulima, kukataa yaliyokomaa, kutundika gunia kwenye mizani na kuandika. Wakulima walipaswa kuangalia mizani. Wao waliangalia shavu langu. Nikikataa majani ya mtu na tone likashuka, wanasema karani anatuhurumia ila wakubwa wamemfunga mikono. Nikiyapokea, wanasema analilia kilo zetu. Mwezi wa saba, baridi ikishuka na upepo ukipita kati ya mabanda, nilikuwa na mstari mweupe wa chumvi shavuni kutwa nzima, na kila siku alikuwepo mjuaji wa kuniuliza kama nyumbani kuna msiba.

Kisha akaja Chebet. Alikuwa ametoka kwao, ng'ambo ya Bomet karibu na Sigor, kukaa na shangazi yake na kumsaidia kuchuma chai. Alitua kikapu chake, akanitazama usoni bila haraka.

"Jicho lako linavuja," alisema.

Hakuuliza nani amekufa. Alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kusema kitu jinsi kilivyo.

"Limevuja tangu nizaliwe," nikamwambia.

"Na hujalipeleka likaangaliwe?"

"Watu wanasema ni..."

"Sijauliza watu."

Nilimpenda papo hapo, na sioni aibu kuandika hivyo. Majani yake, kwa kweli, yalikuwa na vikonyo vingi, nami nikayakataa nusu. Alirudi kesho yake na majani safi, na baada ya mvua za msimu huo tulikuwa tumeshakubaliana kwamba nitapeleka wazee kwao.

Kwetu sisi Wakipsigis huko kupeleka wazee huitwa koito. Wa upande wa mvulana wanaenda nyumbani kwa msichana, wanaketi, wanazungumza mpaka makubaliano ya ng'ombe yanapatikana. Siagi huwa imeandaliwa. Wakikubaliana, wageni wanapakwa siagi kichwani, na hapo msichana ni wenu. Kijana mwenyewe anakaa ametulia, macho chini, hasemi kitu mpaka aulizwe. Ni kazi rahisi kwa mtu yeyote mwenye matundu ya kawaida.

Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa baba mdogo, Joel. Baba mdogo ni mtu anayependa kushauri. Asubuhi ya safari alinipekua kama askari wa kizuizini, akaitoa hanchifu mfukoni mwangu na kuirusha kitandani.

"Mwanaume hakai mbele ya wakwe akijipangusa uso," alisema. "Watafikiri tumewaletea mgonjwa."

"Basi tuwaambie kabla kuhusu tundu."

"Wilson, umewahi kuona mtu anaenda kuoa anaanza kutangaza kilema? Wewe kaa tu. Kaza uso. Mimi nitaongea."

Nilikaa. Nilikaza uso. Ilikuwa msimu wa vumbi upande ule wa Sigor, na nyumba ya Mzee arap Langat, baba yake Chebet, ilikuwa imeelekea upepo. Arap Langat alikuwa mzee mrefu, mwenye koti zito na maneno machache. Kibuyu kidogo cha siagi kilikuwa tayari juu ya kigoda, kando ya mkewe. Mazungumzo yalianza vizuri. Walipoanza kutaja ng'ombe, mmoja mmoja, kwa rangi, nilihisi tone limejaa kwenye tundu. Sikuwa na kitu cha kulipangusa. Likashuka polepole mpaka kidevuni, na nyuma yake likaja la pili.

Mzee arap Langat aliinua mkono.

"Ngojeni kidogo. Huyu kijana analia."

Nyumba nzima ilinigeukia. Nilifungua kinywa, baba mdogo akanikandamiza goti.

"Ni furaha, mzee," alisema baba mdogo.

Sijawahi kumsamehe neno hilo. Alikuwa na ukweli mkononi, mfupi na mwepesi, akauacha akachukua uongo ambao hata mtoto angeutilia shaka.

"Furaha ya jicho moja?" aliuliza arap Langat.

Wanaume wa upande wake walikohoa kuficha vicheko. Yeye hakucheka. Aliniangalia kama nilivyokuwa nikiangalia majani yaliyokomaa.

"Tunataja ng'ombe ambao bado wako kwenye boma lenu, na tayari analia. Siku unga utaisha ndani ya nyumba, atafanya nini? Msichana wangu ndiye atamnyamazisha?" Akamgeukia mkewe. "Mama, hiyo siagi rudisha."

Mama yake Chebet alichukua kibuyu akaondoka nacho. Nilimsikia akikiweka huko ndani. Arap Langat akatuambia, bila ukali, kwamba kuna watu wengine pia wamebisha hodi, nao hawajaonyesha kulia. Angewasubirisha mpaka mahindi ya msimu ujao yavunwe, kwa sababu Chebet alikuwa amemwomba hivyo. Kijana akiwa amenyamaza kufikia wakati huo, turudi. Asiponyamaza, tusijisumbue.

Nyumbani ushauri ulimwagika. Kaka yangu alisema niachane na Chebet nitafute msichana mwenye wazee wachache. Baba mdogo alisema ninunue miwani myeusi na kwamba angewaeleza ni mtindo wa mjini. Mjumbe wa kituo chetu cha chai, ambaye hakualikwa kwenye jambo hili na mtu yeyote, alisema nijifukize kwa majani ya mkaratusi. Mama alinyamaza, lakini aliacha kuzungumza na baba mdogo, na kwa wiki nyingi walipitisha salamu kupitia kwangu wakiwa wameketi meza moja. Chebet alituma neno kupitia shangazi yake. Neno lenyewe lilikuwa fupi: nisije na miwani.

Hapo ndipo nilipofanya haraka, na haraka hiyo ilinigharimu uso. Palikuwa na kliniki ya mtu binafsi mjini, chumba kimoja juu ya duka la viatu. Bwana mwenye kliniki alivaa koti jeupe, akalitazama tundu langu kwa muda mfupi kuliko anaochukua mtu kuchagua ndizi, akasema hilo ni jambo la dakika chache. Alipiga ganzi, akalishona. Alilishona juu, kwenye ngozi, kama mtu anayeshona mdomo wa gunia, na huko ndani kilichokuwa ndani akakiacha kilivyo. Nilishuka ngazi shavu likiwa kavu. Nilisimama barabarani nikalishika na kulishika tena, nikacheka peke yangu kwa furaha.

Siku chache baadaye uso ulianza kuvimba. Machozi yalikuwa bado yanaingia kwenye kijia kilichokuwa nyuma ya tundu, ila sasa hayana pa kutokea, yakaoza humo. Jicho likafunga. Ngozi chini yake ikawa nyekundu, kisha ya zambarau, na ikang'aa. Nilikuwa nikilala nimeketi. Nilirudi kliniki, yule bwana akaniambia kwamba mwili wangu ndio una ukaidi, akanipa vidonge. Kilichonitibu ni mvua ya mawe. Ilishuka mchana nikiwa kituoni, wakulima wote wakajibana ndani ya banda, mtu akanigonga usoni kwa kiwiko, na jipu likapasuka mbele ya umma. Sitaeleza harufu. Wale waliokuwa wakinisoma shavu miaka yote, siku hiyo waligeuza nyuso wakatazama chai yao inavyopigwa na mawe.

Ukiwa na tundu hili, usikubali mtu alizibe juu juu. Hilo ndilo la muhimu kuliko yote niliyoandika, na mengine unaweza kuyasahau.

Hospitali iliyonisaidia ilikuwa ya misheni, safari ya asubuhi nzima kutoka kwetu. Daktari wa macho hakuwa wa pale. Alikuja kwa msimu, na akija habari inatangazwa makanisani, watu wanafurika kutoka Londiani mpaka Sotik. Kwa hiyo ilibidi kwanza ningoje aje, kisha akija ningoje anifikie. Nilikifahamu kile chumba cha kungojea kuliko nilivyofahamu nyumba yetu. Kuta zilikuwa za kijani mpaka usawa wa bega na nyeupe juu. Mabenchi hayakuwa na migongo, kwa hiyo watu waliegemeana wasiojuana. Karibu na mlango wa daktari palikuwa na watu wanaojiona wameshapona kwa sababu ya kukaribia mlango, nao walitoa mawaidha kwa sisi wa nyuma. Mmoja wao, mwenye bandeji jicho zima, alinieleza kwa urefu namna ya kutofikiria mambo ya huzuni.

Kando yangu aliketi mama mmoja mwenye kofia ya sufu, Mama Njeri, mfanyabiashara wa viazi wa Londiani. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili na hakumwamini mtu.

"Wewe kijana, unalilia nini na hata hawajakushika?" aliuliza.

"Silii, mama. Ni tundu."

"Wapi?" Akasogeza uso karibu mpaka pua zetu zikakaribia kugusana. "Mimi sioni kitu. Lakini hata wewe sikuoni. Nimesikia tu unafuta-futa." Akarudisha uso nyuma. "Tundu, eh. Basi ni tundu. Mimi hapa wameniambia ni macho imeota mtoto, nikasema sawa, na mimi nina watoto saba, huyu atakuwa wa nane."

Nilicheka, na jicho likavuja, na safari hii hakuna aliyetoa maoni kwa sababu aliyekuwa karibu nami haoni. Alikuwa na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye gazeti. Tulikula. Mwenye bandeji alitugeukia, akasema si vizuri kula kabla ya kuonwa.

"Huyo ni daktari?" Mama Njeri aliniuliza kwa sauti.

"Hapana, mama."

"Nilifikiri hivyo. Madaktari wanaongea kidogo."

Daktari alikuwa mfupi, amechoka, na kweli aliongea kidogo. Alinilaza, akaingiza maji ya chumvi kwa sindano butu kwenye pembe ya jicho, mahali machozi yanapoingilia. Maji yakaruka kutoka kwenye tundu langu yakamlowesha mkono wa koti. Aliyatazama kwa raha.

"Umeambiwa nini kuhusu hili?" aliuliza.

Nilimweleza: mimba, mazishi, roho ya huzuni, ng'ombe, furaha, ukaidi wa mwili. Alisikiliza yote huku akipangusa mkono.

"Ni njia ya ziada tu," alisema. "Umezaliwa nayo. Tutaitoa yote kutoka chini, si kuziba juu. Na njia ile ya kweli, ya kwenda puani, imeumia wakati wa jipu, kwa hiyo tutapitisha mrija mwembamba ikae wazi mpaka ipone."

Ni hayo tu. Miaka yote hiyo, na maelezo yake yalitosha katika pumzi mbili tatu.

Upasuaji wenyewe niliupitia nikiwa macho, na uso umekufa ganzi. Nilisikia mkasi. Hakuna maumivu, lakini sauti ya mkasi ikiwa karibu na sikio lako inakufikirisha sana. Damu ilishuka kooni nikaimeza, ina ladha ya sarafu. Sista aliyekuwa akinishika kichwa alikuwa na mikono yenye joto, na kila daktari aliposema "tulia", yeye alinibonyeza kidogo kwenye paji la uso kunijulisha kwamba amesikia kwa niaba yangu. Sikumjua jina. Kama nina kitu ninachokishukuru kuliko kisu chenyewe, ni vile vidole.

Niliamka siku ya pili na uso wa bondia aliyeshindwa. Weusi uliteremka kutoka jichoni mpaka shavuni, ukageuka kijani, kisha manjano. Mrija ulikuwa uzi wa mpira unaopita pembeni mwa jicho na kushukia ndani ya pua, na niliagizwa nisipenge kwa nguvu wala kusugua jicho. Kupiga chafya ikawa jambo la kuogopwa. Kituoni waliniweka kwenye kazi ya kuandika tu, mbali na vumbi la magunia, na mjumbe yule wa mkaratusi akaja kuniambia kwamba majani yake yangefanya kazi ile ile bila damu. Nilimwomba anyamaze. Hakuwa amezoea, akasimama akiniangalia kama amepigwa.

Niliuvaa mrija huo tangu mahindi yalipopandwa mpaka yalipokuwa yamenipita kichwa. Mvua ziliingia, chai ikachipua kwa fujo, wakulima wakaleta majani mpaka giza, na mimi nikiwa nimeinamisha uso kwenye karatasi. Nyumbani mama na baba mdogo walianza kusalimiana tena, kwa ukavu. Chebet alikuja kituoni na kikapu kila wiki. Alikuwa akinitazama jicho, anatikisa kichwa, anaondoka. Siku moja aliniambia wale watu wengine wameonekana tena kwa baba yake, na wameleta sukari. Nilimuuliza alisema nini.

"Nilikunywa chai yao," alisema. "Lakini baba ana neno lake. Alisema mpaka mahindi yavunwe, na hatasubiri hata siku moja zaidi."

Mahindi ya upande wa Sigor hukomaa kabla ya yetu. Kuanzia hapo nilianza kuyachukia mahindi yanayostawi.

Siku ya kutolewa mrija nilimkuta Mama Njeri tena kwenye benchi, amekuja kupimwa. Jicho lake moja lilikuwa limefunguliwa, naye alikuwa akiwatazama watu wote mmoja baada ya mwingine bila adabu yoyote.

"Kumbe wewe ndiye yule wa tundu," alisema. "Sasa nakuona. Liko wapi?"

Nilimwonyesha kovu. Alilichunguza.

"Hakuna kitu hapa," alisema, na safari hii alikuwa anaona.

Daktari aliuvuta mrija kupitia puani. Ulitoka na mwasho mkali, na chafya niliyoizuia miezi yote ikatoka nao. Kisha akachukua tena maji ya chumvi na sindano butu. Niliyangoja yaruke. Shavu halikuhisi kitu. Nilihisi ubaridi nyuma ya pua, halafu chumvi kooni, nikameza.

"Umeonja?" daktari aliuliza.

Ningeweza kulia siku hiyo, kulia kwa kweli, na ningekuwa na haki. Nilimeza tena chumvi ile, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Tulirudi kwa Mzee arap Langat mahindi yakiwa yamekatwa lakini hayajapukuchuliwa. Baba mdogo alinipekua tena asubuhi.

"Hanchifu ya nini sasa, na umepona?"

"Ni yangu," nikamwambia, nikairudisha mfukoni. Na nilimwambia kwamba safari hii tukifika nitaongea mimi kwanza, na asipopenda abaki. Alikuja, lakini alikaa safari nzima akitazama nje.

Niliongea. Niliwaeleza wazee wale wa Sigor kwamba nilizaliwa na tundu, kwamba tuliogopa kusema, na kwamba limetolewa. Arap Langat aliniita mlangoni penye mwanga, akanigeuza uso kuelekea jua, akapitisha kidole chake kigumu kwenye kovu kwenda chini mpaka kidevuni. Akakitazama kidole. Tukarudi kuketi, wakaanza kutaja ng'ombe, na alipomaliza wale wa mwanzo akaongeza mtamba mmoja mweusi ambaye hakuwepo safari ya kwanza. Alikuwa akinijaribu. Nyumba nzima ililiangalia shavu langu la kushoto, watu wazima, wenye wajukuu, wakingoja maji. Niliwadharau wote kwa pamoja, na nikakaa mkavu kama jiwe la kusagia. Baba mdogo alikubali mtamba. Siagi ikaletwa. Mzee alinipaka kichwani, kisha, sijui kwa nini, akapaka kidogo na juu ya kovu.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini Chebet alikuwa kitinda mimba wao, na siku tulipokuja kumchukua ndiyo ninayotaka uibebe.

Tulikuwa uani, asubuhi, watu wamesimama, kwaya ya kanisa imemaliza. Arap Langat alipewa nafasi ya kumbariki binti yake. Alisimama mbele yake na koti lile zito, akamshika mabega, akasema jina lake, halafu hakusema kingine. Kisha machozi yakatoka, macho yote mawili, yakashuka kwenye mikunjo ya uso mpaka kwenye kola.

Ndugu zake waliingilia haraka. "Ni moshi," mmoja alisema. "Moshi wa huko jikoni," akasema mwingine, na baba mdogo, ambaye hajawahi kukosa ushauri, akasema kwa sauti kwamba kuni za leo kweli ni mbichi. Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba na upepo ulikuwa unaelekea mtoni. Hapakuwa na moshi hata kidogo. Watu wale wale walioona kilio kwenye tundu langu, sasa mzee analia mbele yao na wote wameona moshi. Nilisimama nikiwatazama, na dharau niliyoibeba tangu utotoni ilinijaa mpaka mdomoni. Nilikuwa na maneno mazuri sana tayari.

Arap Langat alinigeukia. Alikuwa amejua nitasema.

"Mimi silii," alisema.

Nilitoa hanchifu, ile ya shati la baba, nikaiweka mkononi mwake.

"Najua, baba," nikamwambia.